Nyama Isiyo na Chumvi

Keneth alifunga koki ya bureti, ule mrija wa kudondoshea dawa, akainua chupa ya kioo usawa wa dirisha. Maji yaliyokuwa na ukungu wa njano sasa yalikuwa na wekundu wa tofali.

"Imegeuka," alisema.

"Mapema hivyo?" Inspekta Elina Zengo alisogea karibu. "Sampuli ya wali ulidondosha mpaka miguu ikaniuma."

"Ndiyo kipimo chenyewe. Dawa hii inaitafuta chumvi. Ikiikuta inaishika, ndiyo huo ukungu unaouona. Chumvi ikiisha, tone linalofuata halina cha kushika, rangi inageuka. Ukidondosha kwa muda mrefu, chakula kina chumvi. Ukidondosha kidogo tu..."

"Chumvi ni kidogo."

"Hapa siwezi kusema kidogo, Inspekta. Hapa haipo. Hiki nilichokipata ni kile ambacho ng'ombe mwenyewe alikuwa nacho mwilini alipokuwa bado anatembea."

Elina aliitazama ile chupa bila kuigusa. Walikuwa katika maabara ya shule ya sekondari, nje kidogo ya Bariadi mjini. Wanafunzi walikuwa likizo, na mkuu wa shule alikuwa ametoa ufunguo bila maswali mengi, ila aliomba tu mabeseni yarudi yalikotoka. Keneth, mkemia aliyekuja kutoka Mwanza na masanduku mawili ya vifaa, alikuwa amepanga juu ya meza ndefu vyakula vyote vya ile shughuli: wali, maharage, soseji, na nyama ya kuchemsha. Kila kimoja kilikuwa kwenye chombo chake, na kila chombo kilikuwa na lakiri ya polisi aliyoikata mbele ya macho ya Elina.

"Rudia," alisema Elina.

"Nimesharudia. Na kabla ya kuanza nilipima maji matupu, halafu maji niliyoyatia chumvi mwenyewe kwa mizani, dawa isije ikanidanganya." Keneth alitabasamu. "Lakini nitarudia. Wewe ukisema rudia kwa sauti hiyo ya chini, mtu anaogopa zaidi kuliko wale wanaofoka."

Alirudia. Rangi iligeuka palepale ilipogeuka mwanzo.

Habari ya vyakula hivyo ilikuwa imeshaenea Simiyu nzima. Mzee Januarius Ngassa wa Somanda na mkewe walikuwa wakisherehekea jubilei ya miaka hamsini ya ndoa. Misa ilisomwa, kwaya ikaimba, watu wakarudi nyumbani kula. Nyama ilipelekwa kwanza kwa wazee wa kiume waliokaa chini ya turubai. Hawakumaliza sahani. Mmoja alisema kichwa kinazunguka, wa pili akatapika, na mwanakwaya aliyepita na jagi la maji ndiye aliyepiga yowe alipoona midomo ya wazee imekuwa ya bluu kama waliolamba wino. Hospitalini daktari alivuta damu na kukuta ina rangi ya kahawia. Aliitambua hali hiyo, akawapa dawa yake, na wazee wengine wakapona. Mzee Januarius, ambaye moyo wake ulikuwa na matatizo ya siku nyingi, alifia njiani.

Wa kwanza kunyooshewa kidole alikuwa Bujiku, jirani wa Mzee Januarius, mwenye kiwanda kidogo cha soseji. Watu walimvunjia kioo cha kibanda chake pale stendi. Asubuhi hiyo Keneth alikuwa amezipima soseji zake kwa ajili ya nitraiti, ile dawa nyeupe inayowekwa kidogo sana kwenye soseji ili nyama isiharibike na ibaki na rangi yake ya waridi. Zilikuwa nayo, lakini ndani ya kiwango kinachoruhusiwa. Chumvi nayo ilikuwa sawasawa. Wali ulikuwa safi, maharage yalikuwa safi. Ila sampuli ya nyama ya kuchemsha, Keneth alipoitilia dawa yake ya kupimia, iligeuka zambarau nzito kiasi kwamba alilazimika kuipunguza kwa maji tena na tena ndipo chombo kikaweza kuisoma.

Nitraiti, basi, ilikuwa kwenye nyama ambayo haikuhitaji nitraiti hata punje. Kwa Afande Method, mkuu wa upelelezi wa wilaya, hilo lilimaliza kazi. Kipimo cha chumvi hakikuwa kimeombwa na mtu. Elina ndiye aliyekiomba, kwa sababu ya neno moja la mzee aliyelazwa wodini. Alipomuuliza nyama ilikuwaje, mzee alifikiri kidogo, akasema, "Ilikuwa na uchumvi, mwanangu, lakini haikuwa chumvi."

"Niandikie vyote viwili kwenye karatasi moja," Elina alimwambia Keneth. "Nitraiti na chumvi. Viwe jirani, asiyetaka kuona aone."

*

Afande Method alikuwa amesimama mezani kwake, akifunga jalada kwa kamba. Alikuwa mtu wa Songea, mrefu, mchovu kidogo wa macho, asiyependa kesi zikae.

"Umekuja kunipa hiyo karatasi ya Mwanza?" aliuliza. "Nilikuwa naisubiri. Dereva anapeleka jalada kwa mwanasheria wa serikali leo."

"Kwa kosa gani, Afande?"

"Elina. Mtu amekufa kwa sumu. Mauaji."

Aliyekuwa mahabusu ni Luhende, mume wa binti wa Mzee Januarius. Ndiye aliyeipika ile nyama. Huku, kwenye shughuli ya ukweni, kazi ya kuchinja, kupasua kuni na kuchemsha nyama ni ya wakwilima, waume wa mabinti wa nyumba hiyo. Wanawake hupika wali na mboga upande wao. Na Luhende alikuwa na ugomvi na mkwewe, uliosikika mpaka mnadani: alitaka kumhamishia mkewe Jenifer na watoto kwao Mwandoya, mzee akakataa. Kwa bahati mbaya zaidi, polisi walikuta nyumbani kwake chupa ya dawa ya pamba iliyobaki nusu.

"Dawa ya pamba iondoe, Afande," Elina alisema. "Hospitali wameshasema. Aliyekunywa dawa ya pamba anatokwa mate, mboni za macho zinakuwa ndogo kama tundu la sindano. Hawa walikuwa bluu. Na kila mkulima wa mkoa huu ana chupa hiyo uvunguni."

"Nimeshaiondoa. Sihitaji dawa ya pamba. Nina mpishi ambaye hakula hata kipande cha alichokipika."

"Mkwilima hali mbele ya mama mkwe."

"Nimekaa huku vya kutosha, najua. Lakini kuonja? Wapi umeona mpishi asiyeonja?"

"Kuonja ni kula. Pale ukweni anaangalia tu mvuke na kubonyeza nyama kwa kijiti. Muulize mwanamume yeyote hapo nje."

Method alishusha pumzi, akanyoosha mkono. Elina alimpa karatasi. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akaketi.

"Hii chumvi ina maana gani? Mimi nilitaka sumu."

"Sumu ipo mstari wa juu. Nitraiti, nyingi mno. Mstari wa chini ni chumvi. Kwenye nyama hakuna."

"Hakutia. Sasa?"

"Afande, tuseme wewe unataka kumwekea mtu sumu." Elina alizungumza taratibu, macho yake kwenye ile karatasi. "Unataka chakula kisishangaze mtu. Unatia chumvi kama kawaida, halafu unaongeza ya kwako. Tungekuta vyote viwili. Huyu hakuongeza. Huyu amebadilisha, ametoa hiki akaweka kile, kwa kiasi kilekile ambacho mtu angetia chumvi kwenye sufuria la shughuli. Mtu hawezi kufanya hivyo ila awe anaamini kwamba anachotia ndiyo chumvi yenyewe."

Nje, askari mmoja alikuwa akimtania mwenzake kuhusu mpira. Method aliisoma karatasi mara ya pili, safari hii akifuata mistari kwa kidole.

"Kama ni bahati mbaya, kwa nini hasemi?" aliuliza hatimaye. "Tangu tumemkamata kakaa kimya kama jiwe. Asiye na kosa anapiga kelele, anaapa, anamtaja mama yake. Huyu anasema 'nilipika mimi', basi."

"Hilo silijui."

"Na hiyo nitraiti kaitoa wapi mtu wa pamba na ng'ombe?"

"Hilo nakwenda kulitafuta."

Method aliitazama saa ya ukutani, akalisukuma jalada pembeni ya meza, si mbali sana. "Dereva ataondoka baada ya chakula. Ukirudi na maneno matupu, Elina, jalada linakwenda lilivyo. Mauaji hayana dhamana, unajua mwenyewe atakaa ndani mpaka lini."

*

Kiwanda cha Bujiku kilikuwa vyumba viwili vya matofali ya kuchoma, nyuma ya nyumba yake. Kati yake na kwa Mzee Januarius kulikuwa na ua wa minyaa tu, mrefu kupita kichwa cha mtu. Bujiku alimpokea Elina mlangoni akiwa na aproni nyeupe isiyo na doa, mikono kiunoni.

"Mwangaluka, afande. Umekuja kuniomba radhi au kununua?"

"Mwangaluka. Nimekuja kuuliza."

"Vipimo vimesemaje? Maana nilisema, zipimeni mpaka mchoke."

"Soseji zako ziko sawa. Chumvi sawa, dawa sawa."

"Basi nenda stendi kawaambie walionivunjia kioo." Alicheka bila furaha, akamkaribisha ndani. "Watu wanadhani mimi nakoroga koroga tu. Mimi napima. Unaiona ile? Mizani ya wanunuzi wa dhahabu. Inapima hata unyoya."

Kweli, mizani ilikuwepo, ndogo, juu ya meza iliyosuguliwa ikang'aa. Elina aliangalia mashine ya kusagia, friji mbili, kamba za utumbo zilizolowekwa kwenye ndoo. Kisha akaenda stoo. Sakafuni, juu ya mbao, kulikuwa na mifuko miwili ya chumvi iliyofanana, yenye maandishi yaleyale ya bluu. Mdomo wa mmoja ulikuwa umefungwa. Wa pili ulikuwa umekunjwa tu.

"Dawa ya kutunzia nyama unaiweka wapi?"

"Ah." Bujiku alijikuna shingo. "Hiyo ni siri ya biashara, afande."

"Siri ya biashara ya nani? Soseji zako nimeshazipima, najua umetia nini na kiasi gani."

"Wewe unajua. Wale vijana wa upande wa pili wa barabara hawajui, nao wanasubiri nipepese jicho waige. Soseji zao zinageuka kijivu siku ya pili, zangu hazigeuki. Nikiacha mfuko una jina lake, mfanyakazi anapiga picha na simu, kesho wote tunauza sawa."

"Kwa hiyo?"

Elina aliinama, akakunjua mdomo wa ule mfuko wa pili. Ndani kulikuwa na unga mweupe wa punje ndogo, wenye umanjano kidogo kama ukiutazama kwenye mwanga. Asiyejua asingeuona huo umanjano. Alichukua kidogo kwa kijiko safi, akakitia kwenye kichupa alichopewa na Keneth, akafunga.

"Huu una nini?"

Bujiku aliishusha mikono iliyokuwa kiunoni.

"Niliihamishia humo," alisema. "Mfuko wake wenyewe nikauchoma. Kwenye mfuko wa chumvi nani ataitazama? Kipimo natia mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, hakuna anayeugusa."

"Haijapungua?"

"Imepungua." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Juzi nilipopima nikaona imepungua. Nikawasema vijana wangu, nikafikiri wamebeba wakidhani ni chumvi, wakapikie kwao. Wakaapa. Nikawaza panya. Lakini panya hali hiyo."

"Siku ya jubilei ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa nimepeleka soseji hotelini. Nilifunga kwa nje."

Elina aliutazama mlango wa stoo. Ulikuwa na ndoano ya waya.

"Kwa ndoano hiyo tu?"

"Afande, hapa ni mtaani. Jirani akiishiwa chumvi anaingia, anachota, akikukuta anakwambia, asipokukuta atakwambia kesho. Ulitaka aniandikie barua?" Alisema hivyo kama mtu anayejitetea, halafu maneno yake mwenyewe yakamfikia. Aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Mungu wangu. Mzee Januarius ndiye aliyenionyesha hata pa kuchimba msingi wa nyumba hii."

Elina alimwambia asiondoke nyumbani na asiuguse ule mfuko. Akamwita askari aliyekuwa naye asimame mlangoni. Kisha alitoka, akatembea kando ya ua wa minyaa mpaka alipoliona pengo. Lilikuwa upana wa mtu mmoja. Njia ya miguu ilipita hapo, imekanyagwa ikawa ngumu, na ng'ambo yake kulikuwa na mafiga ya wanaume, majivu bado meupe. Jiko la akina mama lilikuwa mbali zaidi, nyuma ya nyumba, nalo lilikuwa na mlango unaotazama pengo hilo hilo.

Alisimama hapo akilipima lile eneo kwa macho, kutoka mafiga hadi pengo, kutoka jiko hadi pengo.

*

Luhende aliletwa chumba cha mahojiano bila pingu. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye mikono mikubwa ya kulima, ambayo sasa hakujua aiweke wapi.

"Kaa, ngosha," alisema Elina. "Umekula?"

"Nimekula."

"Mimi kwetu Zagayu, Msukuma mwenzako. Sikukuambia siku ile. Kwa hiyo tusifichane mambo ya ukweni."

Luhende aliitikia kwa kichwa.

"Ile nyama ulitia chumvi mara ngapi?"

"Mara moja."

"Ulikuja nayo?"

"Niliyoletewa kwanza ilimwagika. Mbuzi aliangusha kopo. Nikawaambia vijana chumvi imekwisha, lakini walikuwa wanabeba mabenchi."

"Ukaenda jikoni kuomba nyingine?"

Alimtazama kama aliyeulizwa iwapo alitembea uchi. "Jikoni kwa nani? Na mayu, mama yake Jenifer, yumo humo?"

"Basi ukaipata wapi?"

"Niliikuta."

"Wapi?"

"Chini. Kwenye pengo la ua. Kwenye mfuko wa nailoni."

"Nani aliiweka?"

"Sikumwona mtu."

Hilo lilikuwa jibu la kweli, Elina alilisikia ukweli wake. Halikuwa jibu zima. Alikunja mikono mezani. Baba yake mwenyewe, kila walipokwenda kwa bibi, mama mkwe wake, alikuwa akikaa nje ya boma akiwa ameipa nyumba mgongo. Bibi alikuwa akileta kibuyu cha maziwa, anakiweka chini hatua kadhaa kutoka kwake, kisha anaondoka. Hawakuwahi kutazamana usoni, wala baba hakuwahi kulitaja jina la bibi, mpaka bibi alipokufa. Lakini baba alijua siku zote maziwa yamefika.

"Luhende," alisema. "Kabla hujaikuta hiyo chumvi, ulisikia mtu akikohoa?"

Mikono mikubwa ilisimama palepale ilipokuwa. Alishusha kichwa polepole.

"Umejua lini?" Elina aliuliza.

"Siku ya pili, humu ndani. Askari walikuwa wanasema sumu ilikuwa kwenye nyama. Nikahesabu kila nilichokitia. Maji ya bomba, kila mtu aliyanywa. Nyama ya ng'ombe niliyemchinja mimi. Ikabaki chumvi."

"Ulidhani amemuua mumewe?"

"Hapana." Alisema hilo haraka, karibu kwa hasira. "Yule? Alimkatia mzee kucha mpaka asubuhi ya siku hiyo. Najua hakujua. Na hajui mpaka sasa. Ndiyo maana." Alifuta uso kwa kiganja. "Nikisema nilikoipata, mtakwenda kumwambia. Amemzika mume wake juzi. Mtamwambia umemuua wewe kwa mkono wako? Mimi nina nguvu, nitakaa jela. Yeye na jambo hilo ataishi nalo wapi?"

"Unajua hukumu ya mauaji?"

"Naijua."

"Na Jenifer? Na watoto?"

Luhende alifumba macho. "Afande, naomba usiniulize tena. Mimi simtaji."

Elina alinyanyuka, akamwita askari amrudishe. Kwenye korido alisimama kidogo. Angeweza kumpelekea Method kichupa cha unga na maneno ya Bujiku. Lakini Method angeuliza swali moja tu, nani aliitoa kule ikafika kwenye sufuria, na kesi yote ingesimama hapo. Kulikuwa na mtu mmoja wa kulijibu.

*

Mama Apolonia alikuwa ameketi kwenye mkeka, ndani, pamoja na wanawake wawili wa jumuiya. Alikuwa mwembamba, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi. Elina alivua viatu, akapiga goti, akasalimia kwa Kisukuma, akajibiwa. Akaomba wazungumze wawili. Wanawake wale walitazamana, wakatoka.

"Umekuja kuhusu mkwilima wangu," alisema Mama Apolonia. "Nawaambia kila siku, yule si mtu wa sumu. Anagombana mchana, jioni analeta kuni. Mzee mwenyewe alikuwa akisema, Luhende akinyamaza ndipo niogope."

"Mayu, nakuuliza kuhusu chumvi ya siku ile."

"Chumvi?"

"Ya nyama."

"Ilimwagika. Nilimsikia akiwaambia vijana imekwisha. Hawakwenda, vijana wa sasa mpaka uwavute sikio." Alizungumza bila wasiwasi wowote, na hilo ndilo lililokuwa gumu kwa Elina kulisikiliza. "Ya hapa ndani nilikuwa nimeimaliza kwenye maharage. Nikaenda kwa Bujiku, hakuwepo, nikachota. Mfuko ulikuwa wazi. Nikaiweka pale kwenye pengo, nikakohoa, nikarudi zangu kwenye wali."

Elina aliinamisha uso, akautazama mkeka.

"Mbona unauliza?"

"Mayu..."

"Ile chumvi ilikuwa na nini?"

Elina alikuwa amejifunza chuoni namna ya kutoa taarifa ngumu. Sentensi fupi, usizunguke, usishike mkono wa mtu kabla hajaunyoosha. Aliyafuata yote isipokuwa la mwisho. Alimshika mkono, akamwambia: haikuwa chumvi, ilikuwa dawa ya soseji, Bujiku aliificha kwenye mfuko wa chumvi ili watu wasijue anatia nini, na kwa kuiangalia tu hakuna ambaye angejua, hata yeye Elina asingejua. Ililazimu kuletwa mtaalamu na vifaa kutoka Mwanza.

Mama Apolonia alisikiliza mpaka mwisho. Mkono wake haukukaza wala kulegea. Kuku aliingia mlangoni, akadonoa kando ya mkeka, akatoka, na hakuna aliyemfukuza.

"Nilimpakulia mwenyewe," alisema. "Nikamwekea kipande cha ubavu. Alikuwa anapenda ubavu."

"Hukujua, mayu."

"Sikujua." Alilisema kama anayeonja neno. "Na yeye? Luhende anajua?"

"Amejua tangu siku ya pili."

"Na hakusema."

"Hakusema. Alisema hawezi kukutaja."

Mama Apolonia aliuchomoa mkono wake polepole, akashika ukuta, akainuka. Elina alitaka kumsaidia, mama akakataa kwa ishara. Alichukua kanga iliyokuwa kwenye msumari.

"Twende."

"Mayu, si lazima leo. Naweza kuandika maelezo yako hapahapa. Na lazima nikuambie, ukiandikisha, utaulizwa maswali mengi. Mimi naamini wa kujibu ni yule aliyeificha dawa kwenye mfuko wa chumvi, lakini wa kuamua si mimi."

"Luhende yuko wapi sasa hivi?"

"Mahabusu."

"Basi twende," alisema, "usinicheleweshe."

*

Dereva alikuwa ameshawasha gari uani. Elina alimwambia azime. Method alitoka ofisini kuuliza nani amemzuia dereva wake, akamkuta mjane wa marehemu amesimama mapokezi, akavua kofia.

Walimpa kiti. Keneth alikuwa ameshafika na jibu la kile kichupa: unga wa Bujiku ulikuwa nitraiti tupu, bila chumvi hata kidogo. Method alisoma, akamtazama Elina, akaitikia kwa kichwa mara moja. Kisha akaagiza Luhende aletwe, kwa kuwa maelezo yalimhusu.

Luhende alipofika kwenye kizingiti na kuona ni nani aliyeketi ndani, alirudi nyuma papo hapo. Akachuchumaa koridoni, uso ukutani. Askari alitaka kumvuta, Elina alimzuia. Ndani, Mama Apolonia naye alikuwa amekigeuza kiti chake, ili mlango ubaki mgongoni.

Alieleza yote, tangu mbuzi hadi kikohozi. Method aliandika kwa mkono wake mwenyewe, taratibu, akimsomea kila alichoandika.

"Sasa hapa, mama, aliyeiweka chumvi kwenye pengo," alisema. "Nahitaji jina kamili."

"Afande," sauti ya Luhende ilisikika kutoka koridoni, "andika kwamba niliiokota. Naomba. Andika niliiokota tu."

Mama Apolonia hakugeuka.

"Mwambieni anyamaze," alisema. "Amenyamaza vizuri siku zote hizi, asiniharibie leo."

Alitengeneza kanga mabegani, akakaa wima.

"Andika, baba. Apolonia Kasmiri, mke wa Januarius Ngassa. Yeye jina langu hawezi kulitaja. Mimi naweza."